Kozi ya CNA waliyoniambia ni ya bure

Kila Jumapili baada ya ibada lazima mtu anivute pembeni. "Mama Neema, ile kozi ya manesi uliyosoma bure, na mimi naipataje?" Nimechoka kueleza nikiwa nimesimama kwenye maegesho, theluji inaingia kwenye viatu na watoto wananivuta koti. Naandika yote hapa mara moja, mazuri na machungu, na nyota nitatoa.

Kwanza, siyo kozi ya manesi. Ni ya wasaidizi wa wauguzi, ambao hapa Marekani kila mtu anawaita CNA. Sisi ndio tunaomgeuza mgonjwa kitandani, tunaomwogesha, tunaompeleka chooni, tunaompima presha na kuandika kala kiasi gani. Nesi yuko juu yetu. Pili, haikuwa bure. Sikutoa dola hata moja mfukoni, hiyo ni kweli, lakini nililipa, tena mpaka leo bado nalipa.

Ninaishi Iowa. Nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, na miaka minne ya kwanza hapa niliimaliza kwenye kiwanda cha nguruwe, zamu ya usiku, upande wa baridi, kisu mkononi. Aliyepita huko ananielewa: unaamka mchana vidole vimejikunja kama bado vimeshika mpini, inabidi uvinyooshe kimoja kimoja kwenye maji ya moto. Siwasemi vibaya. Hela ya kiwanda ndiyo iliyolea wanangu, na hapa naanza kuwatajia bei ya hii kozi: nilipohamia hospitali, mshahara wangu kwa saa ulishuka. Anayefikiri CNA anatajirika aendelee tu na nguruwe.

Mpango wenyewe ni hivi. Iowa ina vyuo vya jamii 15, vile vya karibu na nyumbani, vya miaka miwili au chini ya hapo, ada yake ndogo kuliko ya vyuo vikuu. (Cha kwanza cha umma nchini kilianzia hapa jirani, Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901.) Chuo kina mwalimu, kina vitanda vya mazoezi na kibali cha jimbo, ila hakina wagonjwa. Hospitali ya mji wetu ina wagonjwa, ina makao ya wazee ubavuni mwake, na tangazo lake la kutafuta wafanyakazi lilikuwa halibanduki ukutani. Wakakaa chini wakakubaliana: chuo kifundishe, hospitali ilipe ada na kufungua wodi zake, mwanafunzi akishafaulu afanye kazi pale mwaka mmoja. Ada ilikuwa dola mia nane na ushee, ukiongeza kitabu na sare.

Usaili ulikuwa mwepesi. Makaratasi ndiyo yaliyonitoa jasho. Wanakagua rekodi yako ya jinai, halafu wanaangalia kama umewahi kuandikwa kwa kunyanyasa mtoto au mtu mzima asiyejiweza. Kisha chanjo. Ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, tuliopanda nao ndege, wenye makaratasi ya kambini, tafadhali msiutupe! Mimi nilikuwa nimeuweka chini ya godoro, na ndio ulioniepusha kuchomwa upya sindano nusu ya zile walizokuwa wanadai.

Kilichokaribia kunikosesha nafasi ni kipimo cha kifua kikuu. Wanakudunga sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku mbili au tatu wakupime uvimbe. Wangu ulivimba kama kifungo cha koti. Yule dada wa mapokezi akarudi nyuma hatua moja, nilimwona. Nikapelekwa picha ya kifua, nikaambiwa nisubiri, na darasa lilikuwa linaanza Jumatatu. Kumbe sisi tuliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, wenye kovu begani, ngozi yetu inaweza kuvimba bila ugonjwa wowote. Kipo kipimo cha damu ambacho BCG haikichanganyi. Kiombeni hicho tangu siku ya kwanza, onyesheni kovu, msisubiri kuvimba. Mimi picha ilitoka safi Ijumaa jioni, nikaponea hapo.

Darasa ni saa 75. Hicho ndicho kiwango cha chini kilichotokana na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1987, na jimbo linaruhusiwa kuongeza lakini si kupunguza. Ukiwa na ndugu California atakwambia wao wanasoma saa 160, na Maine ni 180. Kwetu zilikuwa saa 30 za darasani, 15 za chumba cha mazoezi chenye midoli, na 30 za wodini. Jioni tatu kwa wiki na Jumamosi. Sheria inadai saa 16 tu za vitendo, kwa hiyo hizo 30 ni karibu mara mbili yake, na hapo ndipo hospitali ilipoonyesha thamani yake. Rafiki yangu mmoja alisoma kwingine, kwenye kozi isiyo na hospitali nyuma yake. Alifanya mazoezi siku mbili, tena kwa kuzunguka na toroli la maji ya kunywa. Siku ya kwanza kazini alikuwa hajawahi kumgeuza binadamu.

Sitakaa sana kwenye darasa. Kitabu ni kinene, Kiingereza chake kinaeleweka ukikisoma mara mbili, na saa 16 za mwanzo hugusi mtu: unafundishwa kuzuia maambukizi, kumwokoa aliyepaliwa, kuongea na wagonjwa, na haki za mtu anayeishi kwenye makao. Hilo la haki nililiona la kujaza muda. Nikaja kulijutia wodini.

Mwalimu wetu alikuwa nesi wa hospitali ileile. Asubuhi yuko wodini, jioni yuko na sisi, viatu vilevile. Huyu ndiye nyota mbili kati ya nilizotoa. Alitufundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, vidole vitatu vya kati, kamwe si gumba, maana gumba lina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Halafu akatuonyesha ujanja wa kuhesabu pumzi. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, hapumui kawaida tena. Ataanza kuvuta kama anayetaka kupiga mbizi. Kwa hiyo ukimaliza mapigo huachii mkono. Unaendelea kuushika, macho yanahamia kifuani polepole, unahesabu kupanda na kushuka dakika nzima, na mwenyewe anadhani bado uko kwenye mapigo. Nilifanyia mazoezi kwa mume wangu akitazama mpira. Timu yake ilipokosa penalti, hesabu yangu ikavurugika.

Wodini tulipangwa kila mwanafunzi na CNA mzoefu. Wangu alikuwa mama wa Kimarekani mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, maneno machache, mikono haraka. Siku ya pili alinipa mzee aliyepooza upande wa kushoto nimvishe shati. Nikaanza na mkono wa kulia kwa sababu ndio ulioninyooshea. Shati likaingia vizuri, likazunguka mgongo, likafika kushoto likagoma: mkono hauinuki, haukunjiki, na kitambaa hakina pa kwenda. Mzee akawa anatazama dari. Jasho likanitoka. Yule mama hakunifokea, alilivua tu lote na kusema kwa sauti ya chini: kuvisha, anza na mkono mgonjwa; kuvua, anza na mkono mzima. Akaondoka kwenda kitanda cha pili. Nimevisha watu mia kadhaa tangu siku hiyo na bado nalisema moyoni kila ninapoinua shati.

Sasa lile la haki. Chumba cha mwisho kwenye korido kulikuwa na bibi mmoja, miaka tisini na kitu, nywele zimechanwa vizuri. Nikabisha mlango, nikaingia, nikajitambulisha, nikafunga pazia, yote kama kitabu kinavyotaka, kisha nikamwamkia nikamwita Mama. Akanitazama. "Mimi si mama yako," akasema. "Nina jina." Ulimi ulikuwa umenizoesha, kwetu kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake ni kukosa adabu, na nilikuwa nimeshaimeza shikamoo kooni kwa sababu haina mwenzake kwa Kiingereza. Jioni mwalimu akanielewesha kwamba pale ni nyumbani kwake, na mwenye nyumba ndiye anayeamua aitweje. Unauliza kwanza. Hata yale maneno ya mapenzi ambayo wahudumu wengi wa hapa huwaitia wazee, kipenzi, mpenzi, alitukataza. Kesho yake nikamuuliza, akanitajia jina la ukoo na cheo chake cha mke wa mtu, nikamwita hivyohivyo. Yeye akaniita "yule wa hodi", kwa kuwa nilikuwa nabisha mara tatu badala ya moja. Hilo nalo ni la kwetu, sikuliacha.

Sasa malalamiko. La kwanza ni usafiri. Mazoezi ya wodini yalianza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza mjini kwetu linapita baada ya hapo. Chuo na hospitali wamekaa mezani wakapanga kila kitu, ila hakuna aliyeuliza mtu asiye na gari atafikaje. Tulichangishana mafuta, watu wanne kwenye gari la dada mmoja wa Burundi, na theluji ilipozidi tulichelewa dakika kumi na mbili tukaandikwa wote. Ukikosa saa za wodini unazifidia, sheria ni sheria, lakini tarehe za kufidia walizitoa wao na ziligongana na zamu zangu za kiwandani.

La pili, mtihani. Darasa liliisha Februari, nafasi ya mtihani ikapatikana Machi mwishoni, karibu wiki tano. Hospitali ilitupa kazi kwenye makao ya wazee tukisubiri, kwa kuwa sheria inakubali makao kumtumia anayesomea kwa miezi minne kabla hajafaulu. Walipungukiwa watu, wakajaza pengo na sisi, kwa malipo ya mwanafunzi. Kama chuo kingewahi kutuandikisha mtihani, wiki hizo tungelipwa kama CNA kamili.

Mtihani una sehemu mbili, maswali na vitendo. Wanaoogopa kusoma haraka wasikilize: mnaruhusiwa kuchagua maswali ya kusikiliza badala ya ya kusoma. Ni Kiingereza kilekile, lakini unasomewa. Hakuna aliyetuambia, niliona kwenye fomu, herufi ndogo. Kwenye vitendo nilipangiwa bedpani (chombo cha haja cha kitandani), kupima mkojo na kunawa mikono. Mkojo nilipima vizuri, chombo juu ya meza iliyo sawa, nikainama macho yakawa usawa wa mstari. Kunawa ndiko kulikotaka kuniponza. Nimesugua, nimesuuza, vidole vinatazama chini, nimekausha, halafu mkono mtupu ukaenda wenyewe kufunga bomba. Kama nyumbani! Mtahini akaandika kitu. Nikamwambia naomba kusahihisha, nikanawa upya tangu mwanzo, bomba nikalifunga kwa karatasi kavu. Nilifaulu. Ukiteleza usinyamaze, kunyamaza kwako ndiko kunakokufelisha. Na ukifeli kweli, unayo haki ya kurudia, sheria inakupa nafasi zisizopungua tatu.

La tatu ndilo kubwa, mkataba. Tulipewa kurasa saba siku ya kwanza na kalamu. Nikauliza kama naweza kwenda nazo nyumbani, nikaambiwa wenzangu wote wameshasaini. Nikasaini. Ndani yake vitu viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kama kuni: ada ya kozi, na bonasi ya kukaribishwa kazini. Ukiondoka kabla ya mwaka, unarudisha vyote.

Mwenzetu mmoja aliondoka mwezi wa nne, mumewe alipata kazi jimbo lingine. Barua ikamfuata ikidai ada na bonasi. Akaenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure, naye akamwonyesha kitu ambacho kila anayesoma hapa akiandike mahali: makao ya wazee yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za serikali za wazee na za wenye kipato kidogo, hayaruhusiwi kumtoza gharama yoyote ya mafunzo haya mtu aliyekuwa tayari ameajiriwa nao, au ameahidiwa ajira, siku alipoanza kozi. Sisi wote tulikuwa na barua ya ahadi ya kazi kabla ya somo la kwanza. Ada wakaifuta. Bonasi alirudisha, hiyo alikuwa ameipokea kweli na haihusiani na mafunzo. Mkataba wa kundi lililotufuata nimeuona: ada imeondolewa kwenye kifungu cha kurudisha, na wanapewa siku tatu za kuusoma. Hakuna aliyetuita sisi kutuambia.

Na wanaojilipia wenyewe, tunzeni risiti. Ukipata ajira kwenye makao ya aina hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize kozi, jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kukurudishia gharama kidogokidogo kadiri unavyofanya kazi. Iowa pia kuna mpango unaoitwa Gap, unapitia vyuo hivihivi vya jamii, na unamlipia mwenye kipato kidogo ada, vitabu na mtihani wa kozi fupi kama hii. Uliza hilo kabla ya kukubali mkataba wa mwaka. Huenda usihitaji kujifunga kabisa. Ufadhili wa serikali uitwao Pell, ambao watoto wetu wanautumia chuoni, hauigusi kozi ya saa 75. Hata ule wa kozi fupi wa kuanzia Julai 2026 unadai saa zisizopungua 150.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Kama ningekuwa napima mafunzo peke yake ningetoa tano bila kufikiri. Mkataba na zile wiki tano ndivyo vilivyoila ya tano. Basi nimeshalisema.

Wananiuliza pia kama inafika mbali. Inafika, ukitaka. Chuo changu hakimpokei mtu kwenye uuguzi bila cheti cha CNA. Ukiwa nacho, mwaka wa kwanza unakutoa LPN, nesi wa ngazi ya chini, na wa pili unakupeleka kwenye RN, nesi kamili. Kuna kaka mmoja kanisani anapenda kusema nesi wa chuo cha jamii ni nesi nusu. Uuguzi wa miaka miwili ulianza kama majaribio ya Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi, mwaka 1952, na hadi leo aliyesoma miwili na aliyesoma minne wanakaa mtihani uleule wa leseni, NCLEX. Hospitali nyingine zinapendelea wa miaka minne, sikatai, lakini leseni ni moja. Huyo kaka mwenyewe alipolazwa mwezi uliopita, aliyemtoa sindano ya maji mkononi alikuwa wa miaka miwili, na sikumsikia akiuliza.

Jambo moja kwa wenye cheti waliorudi viwandani: msikiache kilale. Ikipita miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya kulipwa ya uhudumu, kinakufa na inabidi ufanye upya mafunzo au mtihani.

Mwaka wangu unaisha mwezi wa tatu. Wiki iliyopita ofisi ya wafanyakazi waliniita kuniuliza kama nitabaki. Nikawaambia nataka zamu ya mchana, na nataka waandike kwamba watanipa ruhusa siku za darasa nikianza LPN. Wakasema watanipa jibu. Nikawaomba wanipe hilo jibu kwa karatasi, ya kwenda nayo nyumbani.